Sahani ya Mama Ndaya

Mama Ndaya alikuwa na sahani yake. Ilikuwa ya bati, nyeupe, mdomo wake wa buluu, na chini rangi ilikuwa imebanduka kwa kuwekwa motoni. Hakuna mtu mwingine aliyeigusa. Aliiosha peke yake baada ya vyombo vingine kwisha, akaianika juani peke yake, akairudisha ndani ya kikapu kilichoning'inia nyuma ya mlango, pamoja na kikombe chake na kijiko chake.

Sisi wengine tulikula beseni moja. Bugali katikati, sombe ya majani ya mihogo pembeni, mikono inapishana. Yeye alijipakulia mapema, kabla mkono wa mtu haujaingia chunguni, akaenda kukaa kwenye kizingiti na kutupa mgongo nusu. Tukawa tunaona shavu lake moja tu likitafuna.

Avenue nzima, mtaa wetu wote, ilimsema. Mama Françoise, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, hakungoja hata amalize kumeza.

"Ndaya! Leo tena unakula na nani pale mulangoni?"

"Ninakula na roho yangu."

"Ee, roho yako iko na kiburi sana! Sisi mikono yetu inanuka, njo maana?"

"Mikono yako hainuki, Mama Françoise. Mudomo yako njo inanuka."

Watu wakacheka, Mama Françoise akacheka kuwapita wote, na Mama Ndaya akaendelea kula. Watoto wa kambi walimwita Madamu Sahani. Alikubali. Ukimwita hivyo anaitika "wii", kama mke wa mkubwa wa reli wa zamani.

Mimi nilikuwa mtoto wake wa kulea, na nilijua kwamba sahani ile haikuwapo tangu mwanzo. Kulikuwa na wakati Mama Ndaya alikula nasi, goti lake likigusa langu, na alikuwa na tabia ya kunisogezea kichwa cha samaki bila kuniangalia, kama vile kimeteleza chenyewe.

Alizaliwa hapa hapa Kindu, katika kambi ya reli. Baba yake ndiye aliyetoka Kasai, akaja na kazi ya treni, akazeeka nayo. Mama Ndaya alisema "kwetu Kasai" kama wengine wanavyosema "kwetu mbinguni": hakuwahi kukanyaga. Aliolewa na Michel, naye mtu wa reli, shofa aliyeendesha treni. Sahani ya mdomo wa buluu ilikuwa ya Michel. Ndiyo aliyokuwa akibeba safarini, ikawekwa juu ya injini ili chakula kisipoe, na ndiyo maana chini iliungua. Siku ambayo Michel alipeleka treni Kabalo, aliisahau nyumbani. Wiki hiyo vita vikaingia, reli ikakatika, Michel hakurudi.

Mama yangu, Clémentine, alikuwa rafiki yake. Wakati mji umefungwa, walio ndani hawatoki na walio porini hawaingii, mama alitoka alfajiri na wanawake wengine kwenda kuchimba mihogo ya shamba letu kule ng'ambo. Wengine walirudi bila vikapu. Mama hakurudi na kikapu wala bila kikapu. Baba alikuwa Kampene kwenye machimbo tangu kabla sijatambaa, na habari zake hazikufika tena. Basi Mama Ndaya alikuja nyumbani kwetu, akachukua mkeka wangu kwa mkono mmoja, akanishika mimi kwa mkono wa pili. Tulipofika kwake akasema, "Chérie, unapenda kulala upande ya ukuta ao upande ya mulango?" Nikasema ukuta. Mpaka leo nalala upande wa ukuta.

Nikikumbuka miaka ile, haianzi njaa kuja. Njaa ilikuwapo, chumvi haikuwapo, sabuni tulisikia jina lake tu. Lakini kinachokuja kwanza ni reli yenye majani. Treni haikupita, basi majani yalikuwa marefu kunizidi, na sisi watoto tulianika mihogo juu ya chuma kwa sababu chuma kilikuwa na joto zuri. Kila asubuhi Mama Ndaya aliinama, akaweka sikio lake juu ya reli, akafumba macho. Mimi niliweka langu upande wa pili. Tulibaki hivyo, nyuso zetu zikitazamana juu ya chuma baridi.

"Unasikia?"

"Hapana, mama."

"Mi pia. Tutasikia kesho."

Kisha alinifundisha vituo kwa kuimba, kama vile wengine wanavyofundisha watoto sala: Kindu, Kibombo, Samba, Kongolo, Kabalo. Akifika Kabalo sauti ilishuka, akarudi mwanzo.

Na nakumbuka wembe. Avenue yetu ilikuwa na wembe mmoja. Mwingine haukupatikana, sokoni palikuwa patupu. Ulikaa kwa Mama Françoise, ndani ya kopo la maziwa lenye mafuta ya mawese ili usishike kutu. Ukiuhitaji unaenda kuuomba, unapewa umefungwa kwenye jani la ndizi, unautumia, unaurudisha. Ulinyoa vichwa vya watoto kwa ajili ya chawa, ulikata kucha, ulikata vitovu vya waliozaliwa. Alipokuja mzee wa kuchanja watu dawa ya kuzuia risasi, ulichanja vifua vya vijana na migongo ya mama zao, mmoja baada ya mwingine, foleni ikizunguka nyumba. Mama Ndaya naye alichanjwa. Tulikuwa tunaushukuru ule wembe. Mama Françoise aliuita "mutoto yangu ya mwisho", na ukichelewa kuurudisha alipita mlango kwa mlango akiuliza, "Nani analala na mutoto yangu?"

Halafu nikaugua. Malaria ilinila damu mpaka viganja vyangu vikawa vyeupe kama bugali. Mama Ndaya alinibeba mgongoni hadi lopitalo, hospitali ya mji, Mama Françoise nyuma yake akibeba maji. Munganga, daktari aliyetupokea, alikuwa Papa Tharcisse, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisema mtoto anataka damu sasa hivi. Mama Ndaya alikunja mkono wa nguo yake kabla mzee hajamaliza sentensi.

"Chukua hapa. Chukua yote."

Siku zile ndege ya misaada ilikuwa imeleta dawa kidogo za kupima. Papa Tharcisse alimdunga, akaenda, akarudi. Mama Françoise alikuwa ametoka kuchota maji mengine. Mimi nilikuwa kitandani, macho nimefumba, lakini masikio yalikuwa wazi.

"Mama, damu yako siwezi kumupa mutoto. Wewe uko na epatiti seriki."

"Njo nini?"

"Ugonjwa ya ini. Inakaa mu damu. Dawa hatuna. Uwe unalinda watoto."

Alitaka kuendelea, nilimsikia akivuta pumzi, lakini waliingia watu wakibeba majeruhi kwenye machela ya miti, wakipiga kelele, akakimbia kwao. Hakurudi kwetu tena. Nilipofumbua macho, Mama Ndaya alikuwa amesimama, mkono wa nguo bado umekunjwa.

Damu ilitoka kwa Mama Françoise. Mpaka leo ananiambia, "Wewe uko na chupa yangu moja ndani, njo maana unajua kunijibu." Alipouliza kwa nini Ndaya hakutoa, Mama Ndaya alisema damu zetu hazipatani. Basi.

Tuliporudi kambini ndipo sahani ya Michel ilipotoka kwenye sanduku. Sasa naelewa alivyofikiri, kwa maana hata mimi ningefikiri hivyo. Ugonjwa wa ini kwetu ni ule wa macho ya njano, na kila mama wa Kindu anajua kwamba macho ya njano yanapita kwenye chakula, kwenye kikombe, kwenye mkono uliokula. Alikuwa ameambiwa alinde watoto. Akalinda. Aliacha kunionjesha mboga kwa kijiko chake. Aliacha kunibusu. Nilipomkimbilia alinishika mabega, akaniweka mbali kidogo, urefu wa mkono wake, na kuniangalia tu. Na kwa sababu jina la ugonjwa likitajwa nyumba nzima ingekimbiwa na watu, akaona afadhali aitwe mwenye kiburi. Alivaa kile kiburi kama kitenge, akakifunga vizuri, akatembea nacho miaka yote.

Ila wembe uliendelea kuja na kuondoka ndani ya jani la ndizi. Alikuwa akininyoa nywele kila zilipojaa. Ile ndiyo nafasi pekee niliyobaki nayo ya kukaa kati ya magoti yake, mkono wake wa kushoto umeshika paji langu, na mimi nilikuwa namdanganya kwamba chawa wamerudi.

Vita viliisha. Treni ya kwanza ilipita watu wakilia na kurusha vitenge. Mama Ndaya alisimama gare, pale treni zinaposimama, akaangalia kila aliyeshuka, hata wanawake aliwaangalia. Kisha akaja nyumbani na kupika. Sikuwahi kumwona tena akiweka sikio kwenye reli.

Nilisoma hadi darasa la sita, nikaanza kuuza mchele wa Kibombo sokoni, nikaolewa na Soudi, fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache. Chumba cha Mama Ndaya kule kambini kilipoanguka kwa mvua, Soudi alikwenda na mkokoteni, akapakia vitu vyake bila kumuuliza, akavileta kwetu, si mbali na kwa Mama Françoise. Kikapu cha sahani Mama Ndaya alikishika mwenyewe mapajani, akakitundika nyuma ya mlango wetu.

Mwaka huu nikajifungua msichana. Tukampa jina Ndaya.

Nilidhani atafurahi. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akanyoosha shingo kama mtu anayechungulia kisima.

"Mama, shika somo yako."

"Mikono yangu iko na majivu."

Kesho yake ilikuwa na samaki. Keshokutwa yake ilikuwa na maji ya mihogo. Kila siku mikono yake ilikuwa na kitu. Lakini nikienda kufua, nikirudi polepole, nilimkuta amekaa karibu na mlango wa chumba, mtoto ndani kitandani, yeye nje, akimwimbia vituo. Kindu, Kibombo, Samba.

Kwao Soudi ni Waislamu, nywele za kuzaliwa lazima zinyolewe, na kwa desturi ya nyumba yao somo ndiye anayempakata mtoto wakati wa kunyolewa. Watu walialikwa, mchele ukapikwa. Mama Ndaya hakuonekana mchana wote. Mama mkwe alikaa akisubiri, kisha akafunika mchele, akasema, "Kama somo hamutaki mutoto, nywele zibakie." Zikabakia. Jioni Mama Ndaya alirudi na kuni. Tangu siku ile alianza kukunja nguo zake.

"Unaenda wapi, mama?"

"Kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Kasai. Wanasema treni inakuya wiki hii."

"Hauna muntu kule."

"Njo vizuri. Sitaumiza muntu."

Hapo nikajua. Neno lile la lopitalo, lililokaa kichwani mwangu tangu utoto kama jiwe ndani ya kiatu, lilijigeuza. Alikuwa anaondoka kwa sababu mtoto wangu amepewa jina lake, na aliogopa ampe na ugonjwa wake.

Siku ya sindano za wiki sita nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda kituo cha afya. Kabla sijatoka, Mama Ndaya alikuwa uani akifunga godoro lake kwa kamba. Treni ilikuwa imeingia asubuhi ile, tulisikia filimbi. "Ningojee nirudi," nilimwambia. Akasema, "Fanya haraka, mutoto hapendi jua." Hakusema atangoja.

Munganga wa pale anaitwa Rémy, si mzee, si kijana, ana kipara kinachong'aa. Aliwaeleza kina mama sindano hii inazuia nini: kifaduro, pepopunda, nyingine na nyingine, na ugonjwa wa ini wa B. Mama wengine waliondoka. Mimi nikabaki.

"Munganga, na epatiti seriki, sindano yake iko?"

Alinyanyua kichwa. "Hilo jina umetoa wapi? Ni jina ya wazee. Hata mi nililisikia kwa mwalimu wangu tu, naye alikuwa anakaribia kustaafu."

"Ni jina ya ugonjwa gani?"

"Ya huu huu. Epatiti B. Zamani waliiita vile juu walikuwa wanaiona kwa watu waliotiwa damu na kupigwa sindano. Leo hatusemi tena vile."

"Inapita ku sahani?"

"Hapana."

"Ku kikombe? Ku kijiko?"

"Hapana, mama."

"Ku kubeba mutoto? Kumubusu?"

"Hapana. Inapita ku damu. Mama anaweza kumupa mutoto wakati wa kuzaa. Watu wanapeana ku kitanda. Sindano ya watu wengi, wembe ya watu wengi. Lakini sahani haina kosa."

Nilisikia "wembe" na jasho likanishuka mgongoni, pale mtoto alipolala. Nikamweleza yote: Mama Ndaya, kopo la maziwa, jani la ndizi, magoti yake. Aliacha kutabasamu. Akachukua kipande cha kipimo, akanichoma kidole. Nilikaa kwenye benchi nikimnyonyesha mwanangu na kuangalia nywele zake za kuzaliwa, nyeusi, zimejikunja nyuma ya masikio. Niliwaza, kama ninao, nimeshampa. Na Mama Ndaya akijua, atakufa kabla ya ini kumuua.

Rémy alirudi. "Hauna. Mutoto naye atakingwa na hii sindano, ila usikose zile zinazofuata. Na huyo mama, mulete. Ini yake inatakiwa kuangaliwa. Leo tuko na mambo ya kufanya ambayo wazee hawakuwa nayo."

Mtoto alidungwa, akalia kidogo, akasahau. Nikaenda nyumbani karibu mbio. Uani palikuwa patupu. Mama Françoise alikuwa amesimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hakuwa na mzaha.

"Ameenda gare. Nimemutukana, nimemulilia, ameenda. Ameniachia chungu yake. Mi nitafanya nini na chungu?"

Soudi alinipakia kwenye baiskeli, mimi na mtoto nyuma, akakanyaga bila kuuliza.

Gare ilikuwa imejaa watu, mbuzi, magunia ya chumvi, mama wanapitishiana watoto madirishani. Nilimwona Mama Ndaya amekaa juu ya kiti cha saruji, mikono mitupu. Mizigo yake ilikuwa tayari ndani ya behewa. Odette, mfanyabiashara mwenzangu wa mchele aliyekuwa akirudi Kibombo, alikuwa ameikalia ili kumlindia nafasi.

Alipotuona alisogea pembeni, ili mtoto asimguse.

"Hajalia ku sindano?"

"Kidogo. Mama, nilikuwa nasikia siku ile lopitalo. Sikuwa nimelala."

Alinitazama. Nikamwambia yote, jinsi munganga alivyosema: jina ni la zamani, ugonjwa upo, uko ndani ya damu, lakini hautoki damuni kupitia sahani. Hautoki kupitia mikono. Nilidhani atalia kwa furaha. Uso wake ulijifunga.

"Muongo."

"Ni munganga, mama."

"Muongo! Basi mi nilikula pale mulangoni miaka yote ile juu ya nini? Juu ya nini, Chérie? Wewe ulikuwa unanikimbilia na mi ninakusukuma. Unafikiri ilikuwa rahisi? Halafu kitoto kimoja cha munganga kinakuya kusema sahani haina kosa?"

Watu walianza kugeuka. Mtu hawezi kurudishiwa miaka yake kwa neno moja, na mimi nilikuwa nimekuja na neno moja tu. Nikakaa karibu naye. Akasogea, nikasogea.

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Inapita na nini, basi?"

Nilitaka kumficha. Lakini angekuja kujua. "Na sindano. Na wembe."

Aliweka kiganja juu ya mdomo. Niliona anahesabu vichwa vyote vya watoto wa avenue, na cha kwanza kilikuwa changu. "Nilikunyoa," alisema ndani ya kiganja. "Sahani niliilinda. Na wembe..."

"Mama, wamenipima leo. Sina."

"Unanituliza."

"Niangalie. Sina. Mutoto naye amepata sindano yake."

Nilimwonyesha kidole changu, kile kidole kilichochomwa, chenye doa dogo la damu iliyokauka. Alikiangalia muda mrefu, hakukigusa. Filimbi ya treni ililia. Odette alitoa kichwa dirishani, "Mama Ndaya! Panda! Wananisukuma hapa!"

Mama Ndaya akasimama.

Sikumwomba. Nilifungua kitenge, nikamtoa mtoto mgongoni, nikamweka mikononi mwake, haraka, kama mtu anayempa mwenzake chungu cha moto. Ilibidi ashike au amwachie aanguke. Akashika. Mikono yake ilikuwa imekakamaa, viwiko nje, mtoto amewekwa mbali na kifua, urefu ule ule ninaoujua. Mtoto alimwangalia. Alikunja uso, tukangoja kilio, kumbe hakikuwa kilio. Maji ya joto yalitoka chini ya nguo yake na kumwagika juu ya kitenge cha safari cha Mama Ndaya, chote, mpaka kwenye viatu.

"Ananikojolea!" alisema Mama Ndaya. "Chérie, mutoto yako ananikojolea!"

"Ni somo yako, mama, ongea naye wewe."

"We Ndaya! Njo heshima hii? Mbele ya watu ya treni?"

Na akamvuta kifuani. Viwiko viliingia ndani vyenyewe. Aliinamisha uso juu ya zile nywele ambazo hazijanyolewa, akanusa, akabaki hapo hapo. Soudi aligeuka na kuanza kukagua mnyororo wa baiskeli ambao haukuwa na tatizo lolote.

Behewa likajigonga, treni ikaanza kutembea.

"Mama Ndaya!" Odette alikuwa anapiga kelele. "Mizigo! Mizigo yako!"

Mama Ndaya alinyanyua kichwa. Godoro lake, nguo zake, kikapu chenye sahani, vyote vilikuwa vinapita mbele yetu polepole, dirisha baada ya dirisha, vikielekea Kibombo. Angeweza kunipa mtoto na kukimbia. Nilinyoosha mikono kabisa nimpokee. Hakunipa.

"Kikapu changu," alisema tu. "Kile kikapu."

"Odette ataituma, mama."

Tulirudi kwa miguu, Soudi akisukuma baiskeli. Mama Ndaya alimbeba mtoto njia nzima, akamwonyesha reli, akamtajia vituo. Mama Françoise alipotuona kwa mbali alirusha mikono, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

"Na chungu yako sirudishi!"

"Baki nayo. Mudomo yako inahitaji chungu."

Mchana nilisonga bugali, nikaweka samaki wa Lokandu, nikaleta beseni katikati. Mama Ndaya aliinuka kwa mazoea, akaenda nyuma ya mlango, akanyoosha mkono. Msumari ulikuwa mtupu. Alisimama pale akiuangalia. Mama Françoise, ambaye alikuwa amejialika, alisogea kuacha nafasi. Mama Ndaya aliangalia kizingiti, akatuangalia, akaosha mikono, akaiosha tena. Kisha akaja kukaa, goti lake likagusa langu. Alimega bugali kidogo sana, akachovya pembeni kabisa ya mchuzi. Tulipofika katikati ya chakula, kichwa cha samaki kiliteleza mpaka upande wangu. Alikuwa akiangalia kwingine.

Ijumaa iliyofuata alimpakata somo wake, na mama mkwe akamnyoa kwa wembe mpya, uliofunguliwa kwenye karatasi yake mbele ya macho yetu sote. Mama Ndaya mwenyewe aliushika baada ya hapo, akautumbukiza chooni. Jumatatu nilimpeleka kwa munganga Rémy. Ugonjwa bado upo, hilo alituambia wazi, na anatakiwa kurudi kupimwa kila wakati. Alimwambia pia aache lotoko, ile pombe kali ya kienyeji. Mama Ndaya akamjibu hajawahi kunywa lotoko, anaye jirani wa kumnywea.

Odette alirudi baada ya treni kurudi. Alileta godoro na nguo, akaomba samahani: sahani mama yake mzee wa Kibombo ameipenda, anakula nayo, kumnyang'anya anaona aibu, lakini kama Mama Ndaya anaitaka sana...

Mama Ndaya alikuwa amekaa kizingitini kama zamani, ila sasa ametazama ndani, mtoto amelala mapajani mwake.

"Umuachie," alisema. "Ile sahani ilikuwa ya treni. Imerudi ku kazi yake."